Kondishona ya stima kwa seti ya muziki: inavuma, inaklik, inazima ama imekupiga shoti, shida iko wapi?

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia voisi, simu ameiweka karibu na spika ndio niskie vile inavuma, alafu swali ni lilelile, nilinunua kondishona na pesa mingi mbona bado. Nimekuwa nikishughulikia seti za muziki za marafiki na majirani hapa Nairobi kwa miaka kadhaa na malalamiko ni yaleyale yanajirudia, kwa hivyo nimeyapanga hapa kulingana na kile unaskia ama unaona wewe mwenyewe. Kila shida nimeanza na sababu ya kawaida nikamalizia na ile huonekana mara chache. Usiruke cheki za kwanza hata kama zinakaa za mtoto, kazi nyingi huishia hapo na hujatoa hata shilingi.

Kwanza ujue ni gani uko nayo

Ukienda Luthuli Avenue useme unataka kondishona utaonyeshwa vitu tofauti kabisa na zote zitaitwa hivyo hivyo, na hapo ndo shida nyingi huanzia, mtu ana ugonjwa mmoja ananunua dawa ya mwingine.

Saji protekta hukata tu ule mshtuko mfupi stima ikiruka juu ghafla, ndani iko na vidude bapa kama peremende vinaitwa MOV, basi. Stima ikishuka mpaka balbu ziwe za njano haina habari. Filta hupunguza zile kelele laini zinazosafiri kwa waya kutoka kwa chaja na balbu za LED. Stabilaiza, ile wengine huita AVR, iko na transfoma na relei, stima ikiwa chini inaipandisha, ikiwa juu inaishusha. Gadi, kama ile ya friji ama ya tivi, haitengenezi kitu, inakata stima ikiharibika na kungoja itulie ndio irudishe. Alafu kuna UPS za onlaini na zile mashine za bei kali zinazotengeneza stima upya kabisa, hizo sizioni mara nyingi kwa nyumba za watu.

Stima yetu ni volti 240, 50 hezi. Weka hizo namba kichwani tutazirudia.

Na kuna kitu moja naomba uishike kabla hatujaendelea, hakuna hata moja kwa hizo inaweza kuunda athi, ile njia ya stima iliyovuja kuingia ardhini, mahali hakuna athi. Ile waya ya kijani na njano ikiwa haiko kwa ukuta wako, kondishona haitaileta hata ikiwa ni ya elfu hamsini, na kuna wakati itafanya mambo yawe mabaya zaidi.

Spika zinavuma mmmm hata kama hakuna wimbo

Hii ndo namba moja, na mara nyingi sana kondishona haihusiki kabisa.

Tenga dakika kumi. Ongeza sauti alafu upunguze. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na sauti, basi unatoka kwa kitu umechomeka kwa amplifaya. Ukibaki palepale, uko ndani ya amplifaya yenyewe. Sasa zima kila kitu, chomoa waya zote za kuleta sauti nyuma ya amplifaya, acha spika peke yake, alafu washa. Kumenyamaza? Rudisha waya moja moja mpaka mvumo urudi, na kila ukirudisha zima kwanza juu ile paa ya kuchomeka RCA, hizo waya za sauti, amplifaya ikiwa imewaka inaweza kuua twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Ile waya imerudisha mvumo ndo umempata mwenye makosa.

Anayepatikana mara nyingi ni dekoda. Fikiria dishi iko kule kwa paa imefungwa kwa chuma, koaksi, ile waya ya dishi, inashuka ikipitia nyumba za watu kumi, huko juu inagusa ardhi kivyake, na seti yako inagusa ardhi kupitia soketi. Ardhi mbili, na kati yao kuna kavolti kadogo, hako kanapita kwa ngao ya waya yako ya sauti na wewe unakaskia kwa besi. Kuna mzee Donholm alikuwa amebadilisha kondishona mara mbili juu ya hii kitu. Nilifika nikaenda nyuma ya tivi nikafungua koaksi ya dekoda na vidole, kuizungusha mara tatu hivi, na ile nyumba ikanyamaza mpaka tukaskia saa ya ukutani. Mzee alikaa tu akiangalia hiyo waya mkononi mwangu.

Dawa yake ni gani? Rahisi kabisa ni kuchomeka tivi, dekoda na amplifaya zote kwa kondishona moja ama ekstenshoni moja, athi yao iwe mahali pamoja. Ikikataa, toa sauti kwa tivi kwenda kwa amplifaya kupitia waya ya optiko, ile hupitisha mwanga, haina shaba ndani kwa hivyo mvumo hauna njia. Kama amplifaya ni ya zamani haina hiyo tundu, weka kidude cha kutenganisha kwa waya ya RCA, ni transfoma mbili ndogo ndani ya kiboksi. Na kama unataka kutenganisha kwa koaksi jua hivi, kwa antena ya kawaida hicho kidude kitafanya, lakini kwa dishi kile cha kawaida kitaua picha, juu dekoda inatuma volti za kulisha LNB, kile kichwa cha dishi, kupitia hiyohiyo waya na kidude kinazizuia. Watu wamefikiria dekoda imekufa kumbe ni hiyo.

Wa pili ni laptop ikiwa kwa chaja. Chomoa chaja icheze na betri, ukipata kimya umejua. Wa tatu ni waya za RCA nyembamba zimelala sambamba na waya za stima nyuma ya kabati, zitenganishe, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba. Ukiwa unacheza santuri angalia ile waya nyembamba ya athi inayotoka kwa chombo chenyewe kama imefungwa kwa skrubu yake, na usikae na stabilaiza karibu nayo, transfoma ya stabilaiza inatoa mvumo hewani na ile sindano inaudaka. Isogeze mita moja hivi.

Wa mwisho, na hapa unaachia fundi, mvumo haubadiliki na sauti na hata ukichomoa kila kitu uko tu. Hiyo kwa kawaida ni kapasita kubwa za amplifaya zimezeeka, sana sana hizi mashine za ex-UK za miaka ya themanini ambazo ni nzuri kweli lakini umri ni umri. Usifungue. Hizo kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi, na inaweza kukurusha vibaya.

Kitu ambacho nitakuomba usifanye hata mtu akuambie inasaidia: usikate waya ya athi, usivunje ile pini ndefu ya juu, usitumie adapta ya pini mbili ndio mvumo uishe. Kweli mvumo utaisha. Lakini siku waya ya laivu itagusa bodi ya amplifaya ndani, fyuzi haitaungua, hiyo bodi yote itakuwa na volti 240 ikingoja mtu wa kwanza kuigusa, na kwa nyumba nyingi mtu wa kwanza ni mtoto.

Ukigusa amplifaya inakuuma kidogo, kama mchwa

Hii naandika nikiwa na uchungu kidogo juu watu wanaizoea. "Ni kawaida, ni stima kidogo tu." Si kawaida.

Ndani ya filta ya kondishona, na ndani ya tivi na amplifaya nyingi pia, kuna vikapasita vidogo vinavyounganisha laivu, waya inayoleta stima, na nyutro, ile inayoirudisha, kwa athi. Kazi yao ni kumwaga kelele ardhini. Sasa athi ikiwa haiko, hizo kelele na hicho kistima hakina pa kumwagikia, vikapasita viwili vinagawana 240 katikati na bodi ya chuma ya seti yako yote inakaa kwa karibu volti 120. Ampia ni kidogo sana ndio maana inauma tu na hairushi. Lakini ni ushahidi kwamba athi haiko, na siku kutakuwa na hitilafu ya ukweli hakuna kitu kitakukinga. Hapa ndo nilisema kondishona inaweza kufanya mambo yawe mabaya zaidi, ukichomeka vitu sita kwa kondishona moja isiyo na athi, kale kamchwa ka kila kitu kanajumlishwa.

Sababu ya kwanza kabisa, nimeiona zaidi ya zingine zote zikiwekwa pamoja, ni ekstenshoni. Mwaka jana nilikuwa Kayole kwa rafiki, sabufa ilikuwa inamuuma kila akienda kubadilisha flashi. Tukachomoa ekstenshoni, ile nyeupe ya matundu ya kila aina ya plagi, nikageuza nikafungua skrubu nne. Ndani kulikuwa na vipande vitatu vya bati vimepangwa vizuri kabisa. Viwili vimechomewa waya, ya kahawia na ya buluu. Cha tatu, cha athi, hakikuwa kimeunganishwa na chochote, hata alama ya risasi ya kuchomea hakikuwa nayo, kililetwa hivyo kutoka kiwandani. Waya yenyewe ilikuwa na nyuzi mbili tu ndani. Pini tatu nje, waya mbili ndani. Kwa hivyo unaponunua angalia waya iandikwe iko na nyuzi tatu na uinue kwa mkono, ekstenshoni nzuri huwa nzito.

Sababu ya pili ni plagi yenyewe. Ukifungua plagi pini ya athi ikiwa juu, kahawia inafaa kuwa kulia, pale penye fyuzi, buluu kushoto, kijani na njano juu. Mara nyingi ile ya juu imechomoka ama ilikatwa na mtu. Hiyo unaweza kurudisha mwenyewe, plagi ikiwa mkononi mwako na si kwa ukuta.

Sababu ya tatu ni nyumba. Kwa ploti nyingi soketi zimewekwa bila waya ya athi, ama iko lakini kule chini ile shaba inayoenda kwa rodi ardhini imekatwa, shaba inauzwa kwa kilo na watu wanajua. Nunua tesita ya soketi, ile unachomeka tu na taa tatu zinakuambia, au uazime. Si mashine ya ajabu, haiwezi kukuambia athi ni nzuri kiasi gani, lakini ikisema haiko, haiko. Kuingiza vijiti vya maltimita kwa tundu za soketi achia fundi.

Na hapa simama kabisa: kama unaskia kuumwa ukigusa friji pia, ama bomba la maji, ama ukioga. Zima meni switchi, ambia keateka na majirani, tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, na umuulize akuonyeshe hiyo leseni, hatakasirika kama ni fundi wa ukweli. Landilodi atasema ni gharama. Mwambie ni nyumba yake yote, si redio yako.

Stabilaiza inaklik klik klik, na taa zinapepesa

Ule mlio ni relei ikibadilisha ngazi za transfoma. Ukiuskia mara mbili tatu jioni watu wakirudi nyumbani, inafanya kazi yake, wacha. Ikiwa ni kila sekunde chache hapo kuna jambo.

Kawaida ni stima ya mtaa kucheza. Simama dirishani uskilize, kuna karakana ya kuchomelea karibu? Pampu ya maji ya ploti imewashwa? Ama ni wewe mwenyewe, shawa ya umeme ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 23, kwa waya nyembamba za ploti lazima stima ishuke, uliza nani anaoga. Ukijua inaambatana na kitu gani hakuna haja ya kurudisha stabilaiza dukani.

Ikiwa inaklik ukipandisha sauti ya muziki peke yake, umeielemea. Soma nyuma imeandikwa VA ngapi, yaani kipimo cha mzigo inaweza kubeba. Stabilaiza ya 1000 VA haimaanishi wati 1000, nyingi za bei ya chini hubeba wati 600 hadi 800 za ukweli, na ukiwa umechomekea tivi, sabufa, amplifaya na friji ya mama hapo hapo, si haki.

Adimu lakini mbaya, kuna waya imelegea mahali, kwa soketi, kwa breka, ama nje kwa mita. Dalili yake ni kwamba taa za nyumba nzima zinapepesa pamoja na mlio, na soketi ama kifuniko cha breka kiko na joto ukikiwekea nyuma ya mkono. Hiyo usiendelee kuskiza muziki. Zima, ita fundi. Waya iliyolegea ndo moto.

Besi imekufa tangu niweke kondishona

Nayaamini haya malalamiko, si ya kufikiria. Amplifaya haivuti stima sawasawa kama balbu, inavuta kwa vipande, ngoma ikipiga inameza mingi kwa mara moja. Amplifaya ya darasa AB ya wati 100 kila upande ikisukumwa mpaka mwisho inaweza kutaka wati 350 ama 400 kutoka kwa ukuta, na ikiwa kati yake na ukuta kuna kastabilaiza kadogo, volti zinaanguka pale pale besi inapotaka.

Cheki ya kwanza, chomeka amplifaya moja kwa moja kwa ukuta kwa wimbo mmoja unaoujua vizuri, rudisha kwa kondishona, skiza tena kwa sauti ileile. Usipoona tofauti shida iko kwingine, angalia kama ulipanga upya spika ukachanganya chanya na hasi kwa upande mmoja, hiyo inaua besi kuliko kondishona yoyote na hutokea sana siku watu wanahamisha seti. Ukiona tofauti, basi kondishona ni ndogo, tafuta yenye VA mara mbili ya ile seti yako yote inahitaji, ama acha amplifaya kwa ukuta ikiwa na gadi na saji tu, na kondishona ibebe vitu vidogo, dekoda, tivi na kichezeo cha CD. Mimi mwenyewe kwangu ni hivyo nimefanya. Na zile wati zimeandikwa kwa boksi la homu thieta, PMPO elfu ngapi, hizo ni namba za matangazo tu, usizitumie kwa hesabu, soma ile stika ya nyuma penye waya ya stima inaingia.

Soketi moja yetu inabeba ampia 13, yaani kama wati 3,120, na hiyo ni ya kila kitu kimeshikana hapo. Kuchomeka ekstenshoni kwa kondishona alafu kondishona kwa ekstenshoni ingine, hapana.

Stima imerudi lakini kondishona haiwaki

Ngoja. Kweli, ngoja tu dakika tano. Gadi na stabilaiza nyingi ziko na muda wa kusubiri ndio stima itulie, juu ile dakika ya kwanza stima ikirudi ndo mbaya zaidi, friji za mtaa mzima zinaanza pamoja. Watu wameipita gadi wakachomeka seti kwa ukuta kwa haraka ya mpira na ndo siku hiyo amplifaya ikaungua.

Ikipita hapo, angalia switchi ya soketi (usicheke, nimesafirishwa mpaka Rongai kwa hii), alafu taa za kondishona zinasema nini, nyingi ziko na taa ya stima ya juu na ya chini, ikiwa imekata basi inakukinga, mwenye shida ni stima. Alafu fyuzi ya ndani ya plagi. Ukiifungua ukapata mtu aliweka msumari ama karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, toa hiyo kitu leo, weka fyuzi ya kweli ya namba iliyoandikwa kwa mashine. Fyuzi mpya ikiungua mara hiyo hiyo usijaribu ya pili wala kubwa zaidi, ndani kuna shoti, peleka kwa fundi.

Breka ya athi inaanguka ukiwasha seti

Nyumba mpya mpya ziko na ile breka yenye kibonyezo cha T, inakata stima ikivuja kwenda ardhini, kawaida miliampia 30, lakini inaruhusiwa kuanguka hata kuanzia 15. Na wale kamchwa wa filta tuliongea juu yao, kila kifaa kinavujisha kidogo. Kondishona mbili, tivi, kompyuta, mashine ya kufua, zikijumlishwa zinafika. Chomoa vyote, rudisha kimoja kimoja. Ikianguka tu ukiwa umefikisha idadi fulani, ni jumla, punguza filta, hauhitaji filta juu ya filta. Ikianguka na kifaa kimoja peke yake, hicho ndo kibovu. Usimwache mtu akuondolee hiyo breka ndio muziki uendelee.

Amplifaya inanguruma yenyewe, si kwa spika

Weka sikio juu ya kifuniko. Transfoma za duara zinachukia stima isiyo na usawa, na kile huleta mara nyingi ni draya ya nywele ikiwa kwa moto wa chini, muulize aliye chumba cha pili kama ameiwasha. Nyingine ni volti kuwa juu sana usiku, saa nane watu wamelala. Na ukiwa kwa betri ya UPS ya bei ya chini ama inveta ya sola ya zamani, ile stima yake si laini, ni ya ngazi ngazi, transfoma italia tu, kwa muziki tafuta inveta iliyoandikwa pyua sine.

Tak kwa spika friji ikiwaka, na zile titi-titi-titi

Titi-titi ni simu, isogeze. Tak ya friji ni cheche ya switchi yake inasafiri kwa waya, hapa filta husaidia kweli, ama uhamishe friji kwa soketi ya laini ingine. Kelele ya ssss inayokuja ukiwasha balbu fulani, badilisha hiyo balbu.

Taa zimekuwa nyeupe kupita kiasi, za jirani zimefifia

Hapa hakuna cheki. Kimbia kwa meni switchi uzime.

Hiyo ni nyutro imekatika. Ploti hugawanywa kwa fezi tatu, yaani laini tatu za stima, na kati ya fezi na fezi kuna volti 415. Nyutro ikiwa haiko, nyumba yako na ya jirani zinagawana hizo 415, mwenye amewasha vitu vingi anapata kidogo na mwenye balbu moja anapata nyingi. Nikiishi Kasarani ilitupata jioni moja, jirani aliwasha pasi na balbu yangu ya jikoni ikang'aa mpaka nikaona vumbi juu ya kabati, gadi ikakata kabla sijafika mlangoni. Nyumba ya juu walikuwa na saji protekta pekee, zile MOV hukata mshtuko wa muda mfupi sana, zikipewa volti 300 na kitu kwa dakika nzima zinachemka, na plastiki yake ilikunjika ikashuka kama mshumaa. Hakuna aliyeumia. Ukizima ripoti kwa Kenya Power, 97771 ama *977#, waambie ni nyutro, na usiwashe mpaka waje wapime.

Harufu ya kuungua, ama pini ya plagi imekuwa ya kahawia

Zima kwa switchi ya ukuta, si kwa kuvuta plagi kama iko moto. Ikiwa ni plagi na soketi zimeshikana vibaya, badilisha zote mbili, kubadilisha moja haisaidii, ile mbovu itachoma mpya. Saji protekta ambayo taa yake ya ulinzi imezima imeshamaliza kazi yake, inaendelea kupitisha stima tu bila kukinga, hiyo ni ya kutupa.

Na kabla uchomeke chochote cha kutoka Marekani ama Japani, soma stika. Marekani ni 120, Japani ni 100. Kondishona ya 120 ukiiweka kwa 240 zake MOV zitapasuka sekunde hiyo hiyo, nimefagia vipande. Inahitaji transfoma ya kushusha, na hata hiyo haibadilishi hezi, santuri yenye mota iliyofanywa kwa 60 hezi ukiichezea kwa 50 zetu itazunguka polepole na mwimbaji atakuwa na sauti ya mtu mwenye usingizi. Muulize muuzaji kama kuna pulei ya 50 hezi kabla ulipe.

Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, ukiskia radi iko karibu chomoa plagi, koaksi ya dishi na waya ya intaneti, zote tatu, uziweke mbali na seti.